Kusoma Matangazo, kutoka Mgololo hadi Iyunga

Mwezi uliopita nilimkabidhi mwinjilisti mpya wa usharika wetu wa Iyunga daftari la matangazo, ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, na koti moja la mvua ambalo ni mali ya kanisa ingawa limeshachukua umbo la mgongo wangu. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, anavaa miwani, na mahubiri yake yamo ndani ya simu. Alilipokea daftari kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama, kazi yenyewe hasa ni ipi?" Nikaanza kumjibu, nikaona jibu ni refu, nikamwambia nitaliandika. Ninaliandika kwa ajili yake na wenzake, wainjilisti vijana ambao baadhi yao niliwafundisha kipaimara wakiwa bado wanajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Vyeo sitavitaja, maana nilikuwa nacho kimoja tu na sikutoa jasho kukilinda. Mshahara nao hauna la kusimuliwa. Nitaeleza yale niliyoyafanya kila Jumapili, hasa lile nililolifanya vibaya.

Mimi ni Mhehe wa vijiji vya Iringa. Nilipomaliza chuo cha Biblia nilipangwa Mgololo, kule kwenye kiwanda cha karatasi. Nilifika asubuhi yenye ukungu mzito, nikashuka na sanduku la bati, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu ya kiwanda, kama kabichi iliyosahauliwa chunguni. Wenyeji walinituliza kwamba baada ya wiki moja sitaisikia tena. Ni kweli sikuisikia, ila nilipokwenda nyumbani likizo mama yangu alizianika nguo zangu siku tatu.

Kanisa letu lilikuwa la mbao, na kengele yake ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa msindano. Saa ya ibada ilifuata zamu za kiwandani. Waumini waliotoka zamu walisinzia, waliokuwa wanakwenda zamu walitazama saa, na katikati ya hao wawili ndipo ulipotakiwa kuhubiri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Chengula, mwinjilisti aliyekaribia kustaafu, mwembamba, mwenye kikohozi alichokitumia kama alama ya nukta. Siku ya kwanza alinipa daftari la matangazo akaniambia: "Mahubiri watu wanayasahau kabla hawajafika getini. Matangazo wanafika nayo nyumbani, maana humo ndimo walimo wao wenyewe." Nikadhani ananipa kazi ndogo kwa sababu mimi ni mwanamke na ni mgeni. Nikalishika daftari, nikasimama mbele, nikasoma kwa sauti nzuri ya chuoni kwamba tunasikitika kuwatangazia kuwa Mzee Kibiki ametwaliwa na Bwana.

Kutoka benchi la nne mtu akainua mkono. "Mwinjilisti," akasema kwa upole, "bado kidogo."

Alikuwa Mzee Kibiki mwenyewe. Mzee Chengula alikuwa ameandika wagonjwa juu na marehemu chini, bila mstari katikati, nami nikawachanganya. Kanisa zima lilicheka, hata waliokuwa wamesinzia. Nilitamani kurudi Iringa kwa miguu. Mzee Kibiki aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipokutana sokoni alinisalimu, "Kamwene, Mwinjilisti. Marehemu hajambo."

Jioni ile Mzee Chengula alinikalisha jikoni kwake, mkewe akatupa viazi vya kuchoma na chumvi. Hakunigombeza. Alisema, "Tangazo usilikutie madhabahuni. Chukua daftari Jumamosi, lisome nyumbani kwa sauti. Kila ukifika kwenye jina, uone uso wa mtu huyo. Usipouona uso, jina hilo usilisome, nenda kwanza ukamtafute." Nilifuata utaratibu huo kwa miaka mingi. Nilimtafuta mtu mpaka kwenye mashamba ya miti, nikiwa na mabuti ya mvua, ili nijue tu sura yake kabla sijamwombea mbele za watu.

Alinifundisha na mengine ambayo chuoni hayakuwepo. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanaume wengi wa mtaa ule walikuwa kwenye vilabu vya pombe tangu saa nne asubuhi. Mimi nilisimama nje na Biblia kifuani kama askari. Mzee Chengula aliingia, akakaa kwenye gogo, akaomba maji ya kunywa, akawauliza habari za nguruwe wao. Tulipoondoka nilimuuliza kwa nini hakuwahubiria. Akasema, "Hao nitawazika mimi. Sitaki siku hiyo niwe mgeni wao." Alikuwa mcha Mungu kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu, na alipenda kula, kucheka na kuota jua. Kwake hayo yalikuwa shukrani. Nilipata kwake imani isiyokunja uso, na ninamshukuru Mungu kwa hiyo, maana baadaye niliihitaji.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbeya, usharika wa Iyunga. Hakuna aliyeniuliza. Nilipanda lori na mume wangu, watoto wawili na gunia la mbegu za viazi ambalo Baba Neema, mume wangu, hakukubali kuliacha. Iyunga ni mtaa wa barabara kuu, malori hayaishi, na ufundi wa kwanza niliojifunza huko ni wa kusoma nikiwa nimetega sikio moja nje. Ukisikia dereva anabadili gia, nyamaza. Akishapita, endelea. Ukimshindania, bibi wa nyuma atakwenda msiba usio wake.

Mlangoni alinipokea mwenyekiti wa akina mama. Jina lake Atuganile, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, lakini wote walimwita Mama Tusa kwa jina la bintiye, Tusajigwe. Alinitazama juu hadi chini, akawageukia wenzake.

"Jamani, fungeni mbwa. Wametuletea Mhehe."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Sisi Wahehe hutaniwa kwamba tunakula mbwa, basi nikamjibu kwamba mbwa wa Wanyakyusa siwataki, wana maringo kama wenyewe.

"Ee, huyu anafaa," akasema, akaninyang'anya sanduku akalibeba yeye.

Tangu siku ile tukawa ndugu. Kila Alhamisi tulizunguka kuwaona wagonjwa, kisha tukaishia kwake kunywa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Timu ya Mbeya ikicheza, aliweka redio dirishani na kuwafokea wachezaji kana kwamba wanamsikia. Mimi mpira sikuujua, lakini nilijua lini nimpe pole. Mbele za watu aliniita Mwinjilisti. Kwake aliniita dada, na watoto wake waliniita mama mdogo.

Sasa nifike kwenye yale mnayoniuliza kwa kunong'ona.

Ofisi kuu ya kanisa letu ilimhamisha mchungaji wetu. Nusu ya usharika ilisema anaondolewa kwa sababu amewasema viongozi. Nusu nyingine ilisema mtumishi huenda anakotumwa. Mchungaji akakataa kuondoka, ofisi ikaleta mwingine, kijana. Mimi nilikuwa nimeshahamishwa bila kuulizwa, na nilikuwa mtumishi wa ofisi, kwa hiyo nilibaki upande wa ofisi. Sisemi upande wetu ulikuwa safi. Ulikuwa na majivuno yake, nami niliyaona. Mama Tusa alikuwa upande wa mchungaji wa zamani, na hakuona sababu ya kuificha. Hata hivyo tulikuwa bado tunasali pamoja, wao wamekaa kulia, sisi kushoto, na Alhamisi chai iliendelea.

"Mchungaji wako mpya," aliniambia siku moja, "anahubiri kama anayesoma maelekezo ya dawa."

"Na wako anahubiri kama anayeuza."

"Basi nikinunua mimi, shida iko wapi?" Tukacheka. Niliamini tutavuka hivyo hivyo.

Ikaja Jumamosi mvua ya kwanza iliponyesha. Baba Neema alitoa mbegu, na familia nzima tukashinda shambani kupanda viazi. Ilikuwa siku nzuri sana. Tulirudi na matope hadi magotini, tukala, tukaimba. Daftari sikulifuata. Viazi sivijutii, lakini daftari ninalijutia mpaka leo. Asubuhi nililikuta madhabahuni, ndani yake katibu wa baraza la wazee amechomeka barua. Saa ya matangazo ilipofika nikaifungua nikaanza kuisoma.

Ilisema kwamba wafuatao, kwa kupinga mamlaka ya kanisa, wametengwa na meza ya Bwana na kuvuliwa uongozi mpaka watakapotubu. Jina la kwanza lilikuwa la mzee wa kanisa. Nililisoma kabla sijaelewa ninachokisoma. La pili lilikuwa la mwalimu wa kwaya. Hapo nilishaelewa, lakini mdomo uliozoea kusoma hausimami kirahisi. La tatu lilikuwa Atuganile, mwenyekiti wa akina mama. Uso wake sikuhitaji kuukumbuka, ulikuwa mbele yangu, benchi la kwanza.

Nikalisoma.

Akasimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka kwa mlango wa mbele. Nilisikia ndala zake mpaka kwenye kokoto za nje. Nyuma yake wakainuka wengine, benchi kwa benchi, hadi upande wote wa kulia ukabaki mtupu. Nikaendelea na tangazo la mazoezi ya kwaya, kwaya ambayo mwalimu wake nilikuwa nimetoka kumtenga dakika ile.

Mchana nilikwenda kwake. Alikuwa uani anapukuchua maharage. Alisema karibu, lakini kigoda hakunisogezea.

"Dada, sikujua kilichoandikwa. Nilikuta imechomekwa."

"Jina la kwanza hukujua. Sawa. La pili?"

Nikaokota harage moja lililorukia miguuni pangu.

"Langu ulisita kidogo. Nilikuona, ukameza mate. Halafu ukanisoma."

"Niliogopa kukatisha katikati."

"Ulimwogopa nani?"

Jibu lake ninalo leo, nalo si zuri: niliogopa ukimya. Niliona heri sauti yangu iendelee kuliko watu wote wanitazame nimenyamaza.

Akapuliza makapi kwenye ungo. "Basi nenda, Mwinjilisti." Kwake nilikuwa dada kwa miaka yote ile. Siku hiyo hata Tusa, aliyekuwa jikoni, aliacha kuosha vyombo ili asikie kama kweli mama yake ameniita hivyo.

Baada ya hapo kila upande uliweka kufuli lake kwenye mlango wa kanisa. Makufuli mawili, na hakuna aliyeweza kuingia. Polisi walikuja wakatuambia tuongee, tukaongea, tukazidi kuharibu. Mvua zikawa kubwa. Nikaenda mjini kwa Bwana Jayanti, Mhindu mwenye duka la vitambaa na maturubai, ambaye alituuzia sare za kwaya tangu wakati wa baba yake. Nikamwomba aniazime turubai.

"Mama Mwinjilisti, upande mwingine pia wamekuja jana kuomba," akasema. "Sasa mimi nimpe nani? Upande upi?"

"Upande unaonyeshewa."

Akafikiri. "Basi wote," akasema, akaita vijana wake watoe mawili. Aliporudi kwenye meza yake aliongeza, kama anayezungumza na kikokotoo, "Mimi nilidhani Mungu wenu ni mmoja. Turubai moja ingetosha."

Mwishowe kufuli la ofisi ndilo lililobaki, sisi tukarudi ndani, wenzetu wakaendelea kusali chini ya turubai kwenye uwanja wa mmoja wao, hatua mia mbili kutoka kwetu. Wao wakiimba tulisikia, na mara nyingi ulikuwa wimbo uleule.

Watu walikuwa wakiniuliza kama bado ninaamini. Jirani yangu mmoja, mtu wa kutokwenda kanisani, alinisimamisha njiani. "Mama Neema, nyie wa kanisani mnashikana mashati, sisi wa nje tufanyeje?" Nikamwambia aje atuamulie, maana yeye ndiye ana mikono mitupu. Alicheka, na kwa kweli alikuja Pasaka.

Lakini swali lenyewe si la kucheka. Nitawaambia lililonishika. Sikuwahi kumwona Mungu kuwa mmoja wa wagombanao. Asubuhi niliamka, nikasali, nikawataja kwa majina wa upande ule na wa upande huu, Atuganile wa kwanza. Kisha nikaenda bustanini. Niliotesha parachichi nyuma ya nyumba, nikafuga kuku, nikajifunza kushona. Baba Neema akivuna viazi nilifurahi kwa moyo wote, sikuona haya kufurahi wakati kanisa linaugua. Kuna wenzangu walioacha kucheka ili waonekane wana uchungu na nyumba ya Bwana, na baada ya mwaka walikuwa wamebaki na uchungu peke yake. Mimi nilikuwa na uchungu wangu wa kutosha. Alhamisi nilizunguka kwa wagonjwa mwenyewe, na nilipopita mbele ya nyumba ya Mama Tusa nilisalimia kwa sauti. "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, ilijibu sauti kutoka ndani, kwa adabu, na mlango haukufunguka.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja Tusa alikuja kwangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Chunya, amerudi likizo na vumbi la huko bado kwenye begi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Nimeposwa. Anaitwa Isaka, ni mchimbaji mdogo, wazazi wake ni watu wa kanisa sana. Kule kwao matangazo ya ndoa yameshasomwa mara mbili. Baba yake anauliza, kwenu vipi?"

Kwetu, kwa asiyejua, ndoa haifungwi kanisani mpaka majina ya wachumba yasomwe Jumapili tatu, kwa mvulana na kwa msichana pia, na kila mara waumini waulizwe kama kuna mwenye pingamizi. Tusa alibatizwa Iyunga na kupata kipaimara Iyunga. Jina lake lilipaswa kusomwa Iyunga.

"Si mnaweza kusomewa kule kwenye turubai?" nikauliza.

"Wakwe hawakubali. Wanasema turubai si usharika. Wanasema kama kwetu nimekataliwa, kuna kitu nimefanya." Hapo ndipo alipokaa. "Na mama amesema hatapiga hodi kwenye kanisa lililomsoma. Amesema heri nikafunge kwa mkuu wa wilaya. Mama mdogo, mimi nataka nifungie pale. Wewe ndiye unashika daftari."

Nilimwambia nitakwenda kwa mchungaji. Nilijua jina la Tusa halitatoka vizuri kinywani mwangu mpaka lile la mama yake nimelitolea maelezo.

Mchungaji kijana alinisikiliza akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeletwa kwenye moto wa wengine.

"Mama, familia ile iko chini ya nidhamu."

"Binti hajatengwa."

"Mama yake ametengwa."

"Anayeolewa ni nani?"

Akacheka bila kutaka. Kisha akaacha. "Baraza litanila mzima. Tukisoma, watasema nimewasamehe kinyemela."

"Nisome mimi. Lakini kabla ya tangazo la ndoa naomba nisome moja langu."

Nilimweleza. Bwana ametuagiza kwamba ndugu akikosea tumwendee kwanza tukiwa wawili peke yetu, na kanisa huambiwa mwisho kabisa. Wale walioandikwa kwenye ile barua hakuna aliyewaendea. Walisikia kutoka kwangu, mbele ya watoto wao.

"Ukiomba msamaha wewe," akasema polepole, "baraza litaonekana limekosea."

"Baraza litajijua. Mimi nauombea radhi mdomo wangu."

Alinijibu Jumamosi, kwa ujumbe wa simu wa neno moja: Soma.

Jumapili ile nililifungua daftari, nikasema tangazo la kwanza ni la kwangu mwenyewe. Nikasema kwamba nilisoma majina ya ndugu zetu bila kuwaendea, na la pili na la tatu niliyasoma nikiwa nimeshaelewa, kwa sababu ya woga, na ninaomba radhi kwa kila mmoja wao kwa jina. Nikayataja majina yote. Katibu alitazama paa. Mzee mmoja alikohoa mpaka nikamkumbuka Mzee Chengula. Kisha nikasoma kwamba Isaka wa Chunya na Tusajigwe wa Iyunga wanatarajia kufunga ndoa, na mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema.

Nje katibu alinikabili. "Mama, jambo kama lile ungelileta kikaoni."

"Majina yao hayakusomwa kikaoni," nikamjibu, nikaenda zangu.

Jumapili ya pili nilisoma tena. Kwenye turubai, nikaambiwa, wengine walisema ni mtego. Tusa aliniambia mama yake ameambiwa yote, na kwamba amekaa kimya siku nzima, jambo ambalo kwa mama yake ni ugonjwa.

Jumapili ya tatu kanisa lilijaa kuliko kawaida. Wakwe walikuwa wametuma watu wao wawili kutoka Chunya, wamekaa katikati na makoti yao, waone kwa macho yao. Nilikuwa nimeanza kusoma nilipomwona Mama Tusa amesimama mlangoni. Hakuwa amekanyaga humo tangu siku ile. Nikaendelea kusoma, nikayataja majina mawili upesi upesi ili nivuke salama, nikauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Mkono wake ukainuka.

Pingamizi la mzazi si jambo dogo kwetu. Tangazo husimama, ndoa husimama, na wajumbe wale wa wakwe wangerudi na habari hiyo Chunya jioni ileile. Tusa, aliyekaa na rafiki zake, alijifunika uso. Mchungaji aliinuka nusu kwenye kiti chake, akabaki hivyo.

"Sema, mama," nikasema. Nilinyamaza, na safari hii niliuacha ukimya ukae.

Mama Tusa alitembea hadi katikati ya kanisa, akasimama mahali ambapo kila mtu alimwona.

"Sina pingamizi na ndoa," akasema kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe. "Nina pingamizi na msomaji. Jina la mwanangu amelikimbiza. Langu siku ile alilisoma mpaka barabarani wakasikia. Alisome na hili vilevile."

Wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa watu wa Chunya, kabla hajajizuia. Nikashika daftari kwa mikono yote miwili. Nikasoma tena. Nikasema Tusajigwe, binti wa Atuganile, aliyebatizwa hapa, aliyepata kipaimara hapa, na nikalisema kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Akanisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa benchi la kwanza.

Ndoa ilifungwa kanisani. Jikoni walipika akina mama wa pande zote mbili, na waligombana, ila kuhusu chumvi. Msiniulize kama mgogoro uliisha. Bado kuna ibada mbili, na turubai moja la Bwana Jayanti halijarudishwa. Lakini baraza, bila kuandika barua nyingine, liliacha kuitumia ile ya kwanza, na wale waliotaka kurudi mezani pa Bwana walirudi mmoja mmoja, kwa wakati wao.

Mama Tusa alichelewa kuliko wengine. Jumapili aliyorudi sikuwa na tangazo lolote juu yake, wala mchungaji hakulitaja jina lake. Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye reli ya madhabahu niliposikia mtu amekuja upande wangu wa kushoto. Siku hizi goti lake moja linamsumbua. Alisimama kidogo akiitazama sakafu, akaweka mkono begani kwangu, akaniegemea kwa uzito wake wote, akashuka taratibu mpaka akapiga magoti.